Sahani ya Mlimani: Uchambuzi wa Maakuli ya Wanafunzi wa Chuo Kikuu

Mwaka 1952, zama ambazo Makerere ilikuwa ndiyo lango la pekee la elimu ya juu katika Afrika ya Mashariki, wanafunzi wake waligoma kwa sababu ya chakula walichopewa, na kijana mmoja aliyekuwa mstari wa mbele katika mgomo huo, Abu Mayanja, ambaye mwaka huo huo alikuwa katibu mkuu wa kwanza wa chama cha Uganda National Congress, akafukuzwa chuoni, akaenda kuendelea na masomo yake Cambridge. Waandishi wa tarikhi ya siasa hukipitia kisa hiki upesi, pengine kwa kuona haya kukiri kwamba harakati za uhuru nazo zilipata kupitia jikoni. Walakini mtu atakaye kuyachunguza maakuli ya wanafunzi wa vyuo vikuu kwa insafu hana budi kusimama hapo kitambo, kwa kuwa mgomo ule ulihusu kitu ambacho leo kimetoweka, yaani chakula kilichopikwa na chuo chenyewe, kikaandaliwa kwa saa iliyowekwa na chuo, kikaliwa na watu wote katika ukumbi mmoja. Chakula kile kilipokuwa kibaya palikuwa na mtu wa kulaumiwa. Mwanafunzi wa siku hizi, akila vibaya, hulaumiwa yeye.

Nitakifanya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuwa mfano wangu, kwa sababu habari zake zinajulikana, na kwa sababu hali ya vyuo vingine vya Tanzania hutofautiana na yake kwa sura tu wala si kwa asili. Chuo hiki kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikahamia Mlimani mwaka 1964, kikawa chuo kikuu kinachojitegemea mwaka 1970. Na katika miongo yake ya mwanzo serikali ndiyo iliyobeba gharama zote, za masomo, za malazi na za milo mitatu kwa siku. Wazee waliosoma huko husimulia mayai ya asubuhi na matunda ya baada ya chakula kwa sauti ya mtu anayemkumbuka ami tajiri aliyekwisha kufariki. Yafaa masimulizi hayo yapokewe kwa hadhari, maana katika miaka ya mwanzo ya 1980, nchi nzima ilipokuwa ikipanga foleni ya sukari na sabuni, hapana shaka meza za Mlimani nazo zilipungukiwa. Hata hivyo liko jambo moja ndani yake lisilo na ubishi, nalo ni kwamba mpangilio wa mlo haukuwa shauri la mwanafunzi: saa ilifika, chakula kikawapo, akala, akarudi darasani, na fikra zake zikabaki kwa masomo na siasa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, sera ya kuchangia gharama ilipoingia, mabwalo yalikabidhiwa kwa wazabuni wa binafsi, na mwanafunzi akapewa fedha mkononi badala ya sahani. Nchini Kenya mambo yalikwenda vivyo hivyo katika miaka hiyo hiyo, mwanafunzi wa Nairobi akaanza kununua chakula chake mesi kwa kila mlo, na akiona mesi ni ghali akavuka barabara kwenda kibandani kula chapati na maharage. Kwetu, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 ikaanza kazi mwaka 2005, na posho ya chakula na malazi ikawa sehemu ya mkopo ambao mwanafunzi atakuja kuulipa akipata kazi. Posho hii, ambayo kila mwanafunzi huiita bumu, hukadiriwa kwa siku lakini hulipwa kwa mafungu ya siku 60. Kwa hiyo ilipokuwa shilingi 8,500 kwa siku, kijana aliyestahili kuipata kwa ukamilifu alipokea shilingi 510,000 kwa mkupuo mmoja, na tangu mwaka wa masomo 2022/2023, kiwango kilipopandishwa kuwa shilingi 10,000, hupokea 600,000.

Mtu asiyepata kuishi kwa bumu hudhani kwamba neno kubwa hapa ni hicho kiwango cha siku, akauliza kama shilingi 10,000 zatosha au hazitoshi kwa chakula cha mtu mmoja Dar es Salaam. Swali hilo lina maana yake, na jibu lake la haki ni kwamba kwa chakula peke yake zingetosha, lau zingekuwa za chakula peke yake. Lakini fedha hiyo ndiyo kodi ya chumba, ndiyo nauli ya daladala kutoka Mabibo au Sinza, ndiyo kifurushi cha simu na gharama ya kudurufu maandiko ya masomo, na katika nyumba nyingi ndiyo ada ya mdogo wake aliye sekondari, maana mzazi aliyeuza mazao ili kumfikisha mkubwa chuoni huona, tena kwa haki yake, kwamba mkubwa sasa ana kipato. Zaidi ya hayo, kijana wa miaka 20 ambaye hajapata kushika shilingi 50,000 zake mwenyewe hukabidhiwa 600,000 asubuhi moja, na siku ya kwanza ya fungu hilo haifanani na siku yake ya hamsini. Wiki mbili za awali ni za kuku wa kuchoma, soda na pengine safari ya maduka ya Mlimani City. Wiki mbili za mwisho ni za chai ya rangi na subira. Basi mwenye kuuliza mwanafunzi wa Mlimani anakula nini, sharti aulize pia ni wiki ya ngapi tangu bumu litoke, na uchunguzi wo wote usiouliza hivyo una kasoro kubwa tangu msingi wake.

Wataalamu wa lishe wana njia zao za kuyapima haya. Iliyo mashuhuri zaidi ni kumwomba mtu akumbuke kila alichokula na kunywa katika saa 24 zilizopita, kisha kila kitu kikageuzwa kuwa gramu na gramu kuwa virutubisho. Njia hii ina udhaifu unaojulikana, kwa kuwa watu husahau karanga walizotafuna njiani na huona haya kutaja soda ya tatu. Ila kwa wanafunzi nadhani haya huelekea upande mwingine, kwani ni vigumu kwa kijana kumwambia mgeni mwenye karatasi kwamba jana mchana hakula kitu. Njia nyingine, nyepesi zaidi, ni ile iliyotolewa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa katika mwongozo wake wa mwaka 2016 kwa ajili ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49, ambayo huvigawa vyakula katika makundi kumi: nafaka pamoja na mizizi na ndizi za kupika, jamii ya kunde, karanga na mbegu, maziwa, nyama na samaki, mayai, mboga za majani ya kijani kibichi, mboga na matunda yenye vitamini A kwa wingi, kama karoti, maembe na mapapai, mboga nyinginezo, na matunda mengineyo. Katika kundi la wanawake, kadiri wanavyokuwa wengi waliokula katika makundi matano au zaidi kwa siku, ndivyo inavyotarajiwa kwamba vitamini na madini wanavyopata vitawatosha. Kipimo hiki hakikukusudiwa kumhukumu mtu mmoja, na wala sikitumii kwa hukumu. Nakitumia kama taa ya kumulikia siku moja ya kawaida.

Na tuichukue siku hiyo, iwe ya msichana mmoja wa Mlimani. Asubuhi, kabla ya kipindi cha saa moja, msichana wetu hunywa chai ya rangi yenye vijiko vitatu vya sukari pamoja na chapati moja, au maandazi mawili kama fedha imepungua. Mchana huketi katika benchi la mama ntilie, akapakuliwa wali, upawa wa maharage, mchicha kidogo ukingoni mwa sahani, na kama mama huyo ni mkarimu, kipande cha tikiti. Usiku hula chipsi mayai na kachumbari. Hesabu makundi: nafaka na viazi ni moja, maharage ni la pili, mchicha ni la tatu, mayai ni la nne, kabichi na nyanya za kachumbari, zikifika gramu 15 ambazo kipimo hicho hudai, ni la tano, na kipande cha tikiti, kikiwapo, ni la sita. Siku hii, ambayo mwenye kupita angeidharau, imefuzu mtihani. Hata protini, ambayo vijana wa kunyanyua vyuma huihangaikia kupita kitu kingine cho chote, imekaribia kutimia, kwani mtu mwenye kilo 55 huhitaji kama gramu 46 kwa siku, na kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kina kama gramu 15, mayai mawili yana 12, na kinachobaki hukusanywa kidogo kidogo kutoka katika wali, chapati na viazi.

Sasa uondoe mlo wa mchana. Kundi la kunde limekwenda, la majani limekwenda, na tunda limekwenda. Yamebaki nafaka, mayai, na kachumbari inayojadiliwa kama yafika gramu 15 au haifiki, na ile protini imeshuka karibu nusu. Nami nadai kwamba hapa ndipo lilipo jambo lenyewe, kwa sababu mlo unaotupwa na mwanafunzi wa Mlimani fedha inapopungua au wakati unapobana aghalabu ni huo huo wa mchana. Wenyewe husema wamepiga pasi ndefu, wakimaanisha kwamba wamekula mara moja kati ya asubuhi na adhuhuri na mpira wameurusha hadi usiku. Na jina hilo la kuchekesha linalipamba jambo ambalo kama lingetajwa kwa jina lake lingeitwa njaa. Mlo uliobeba karibu kila kitu ambacho mwili unakihitaji ndio unaoachwa, na mlo wa viazi na mafuta ndio unaobaki.

Kwa nini uachwe huo? Fedha ni sababu moja, lakini ratiba ni sababu ya pili, na sidhani kama ni ndogo kuliko ya kwanza. Wanafunzi wameongezeka mara nyingi kuliko kumbi za mihadhara, na matokeo yake vipindi hujaza saa zote za mchana: mtu hutoka kipindi cha saa sita akaingia cha saa saba, na kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine juani ni mwendo, na foleni ya bwalo saa saba ni ndefu kuliko muda alio nao. Wako wanaokaa mbali, Changanyikeni, Msewe na Makongo, ambao wangepata chakula cha bei nafuu karibu na vyumba vyao, lakini kurudi huko mchana kisha kupanda tena mlima ni kazi isiyolipa. Basi hununua sambusa na soda, wakasukuma mbele. Saa mbili usiku ndipo wanapokuwa huru, na saa hiyo majiko ya mama ntilie wengi yamekwisha kuzimwa, na kilicho hai barabarani ni jiko la chipsi.

Jiko hilo lastahili kutazamwa kwa karibu, kwani limewashinda wapishi wengine wote kwa haki. Mwuzaji huchukua viazi vilivyokaangwa tangu alasiri vikapoa katika kabati la kioo, akavirudisha kikaangoni juu ya mafuta ambayo kwa kutumiwa tena na tena yamekuwa na rangi ya kahawia. Huvunja mayai mawili katika kikombe cha plastiki, akayapiga kwa uma pamoja na chumvi, akayamimina juu ya viazi. Yakianza kushikana hukifunika kikaango kwa sahani, akapindua vyote kwa mkono mmoja pasipo kudondosha hata kiazi, kisha akatelezesha upande mbichi urudi motoni. Pembeni hutia kachumbari kiasi cha kushikwa kwa vidole vitatu, na juu ya yote hupitisha mstari wa sosi nyekundu kutoka katika chupa ya kuminya. Kazi yote haizidi dakika chache, chakula ni cha moto, kimepikwa mbele ya macho ya mlaji, na hakuna upishi mwingine wa mtaani unaompa mnunuzi wa saa nne za usiku heshima hiyo. Gramu 200 za viazi vya kukaanga zina kilokalori zinazokaribia 600, mayai huongeza kama 140, na mafuta yaliyonywewa na mayai huifikisha hesabu kwenye 800 au zaidi, yaani kupita thuluthi ya mahitaji ya siku nzima ya msichana anayehitaji kama 2,000. Mtu aliyepiga pasi ndefu hupata hapo shibe ya kweli. Kosa la chipsi mayai halimo katika mayai wala katika viazi. Limo katika upweke wake, kwamba imekuwa ndiyo mlo wenyewe badala ya kuwa mlo mmojawapo, na katika mafuta ambayo yakichemshwa siku baada ya siku huoza kwa namna isiyoonekana kwa jicho ila kwa weusi wake.

Shibe hiyo ndiyo inayoficha upungufu. Mwanafunzi mwenye kukosa nishati hukonda, akaonekana. Mwenye kukosa madini ya chuma huhisi uchovu na kizunguzungu, akadhani ni mitihani. Uchunguzi wa kitaifa wa Afya na Demografia wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba wanawake 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 nchini Tanzania walikuwa na upungufu wa damu, na kwamba 28 katika kila 100 walikuwa wazito kuliko inavyofaa. Hizi si takwimu za chuoni, na malaria na minyoo nayo yana sehemu yake katika hiyo ya kwanza. Lakini wanafunzi wa kike wa vyuo vyote wamo ndani ya umri huo, na mambo hayo mawili, unene na upungufu wa damu, ambayo zamani yalidhaniwa kuwa hayakai nyumba moja, leo hukaa katika mwili mmoja.

Na kuhusu madini ya chuma liko jambo la ada zetu wenyewe ambalo halihitaji fedha kulirekebisha. Wataalamu wa Marekani hupendekeza miligramu 18 kwa siku kwa mwanamke mwenye umri wa kuzaa, na 8 kwa mwanamume, tofauti ambayo sababu yake ni damu ya kila mwezi. Maharage na mchicha vina madini haya, lakini ni ya namna ambayo utumbo huyapokea kwa uchache, tofauti na yale ya nyama na samaki. Na upokeaji huo hupungua zaidi mtu anywapo chai pamoja na chakula, na huongezeka alapo kitu chenye vitamini C. Watu wa pwani tangu kale hukamulia ndimu juu ya mchuzi wa kunde na samaki, wakala ukwaju na embe mbichi, bila kuambiwa na mtu habari za kemia. Mlimani ndimu imekuwa adimu katika meza za wapishi, na chai imekuwa kinywaji cha kusukumia kila kitu. Ndimu iliyokatwa vipande vinne yatosha sahani nne za maharage, na chai ingeweza kungoja saa moja.

Sukari nitaitaja kwa ufupi, kwa kuwa hesabu yake haina fumbo. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nishati ya siku, ambayo kwa mwenye kuhitaji kilokalori 2,000 ni gramu 50. Vijiko vitatu vya chai ya asubuhi ni kama gramu 13, na soda moja ya mililita 350 ina kama gramu 37. Kiwango kimekwisha, na bado mtu hajanywa kile kinywaji cha kuchangamsha ambacho kimekuwa rafiki wa wanaopiga msuli usiku kucha, chenye sukari nyingi na kafeini ya kumwibia usingizi wa alfajiri, hata akaikosa chai yenyewe kwa kuchelewa kuamka.

Sasa niseme juu ya hoja ambayo viongozi wa vyuo na wazazi huipenda kuliko nyingine zote, kwamba vijana hawa hula vibaya kwa sababu hawana elimu ya lishe, na kwamba dawa yake ni semina na mabango. Hoja hii inawafariji wanaoitoa, lakini ina ushahidi mdogo mbele ya macho, maana jioni ukikaa karibu na jiko la chipsi la chuo cho chote chenye kitivo cha tiba utamwona mwanafunzi wa udaktari akipokea sahani ile ile anayoipokea mwanafunzi wa sheria. Hakuna asiyejua kwamba mboga za majani zina faida. Wimbo huo ameuimba tangu darasa la tatu. Pengine tatizo ni kwamba ameuimba mno. Kijana huyu ametoka katika shule ya bweni ambako kwa miaka sita alikula ugali na maharage mchana, ugali na maharage usiku, maharage mengine yakiwa na wadudu na mengine hayakuiva, hata maharage yakawa kwake alama ya kutokuwa na hiari. Siku ya kwanza anaposhika fedha yake hukimbia kutoka katika maharage kama mtumwa aliyeachwa huru, na kumhubiria habari za protini wakati huo ni kumrudisha katika foleni ya sufuria ya shule. Chipsi, kwake, ni uraia. Mwenye kutaka kumrudishia maharage sharti ayapike vizuri, kwa nazi, kitunguu na iliki kidogo kama yapikwavyo nyumbani Tanga na Unguja, na hapo ndipo mama ntilie stadi anapomshinda mwalimu wa lishe.

Kuna wanaojipikia. Katika mabweni mengi kanuni hukataza kupika, kwa hofu ya moto na kwa sababu nyaya za umeme hazikuwekwa kwa ajili ya majiko, na hofu hiyo si ya bure. Ila matokeo yake ni kwamba wenye geto mitaani, wenye mtungi mdogo wa gesi na sufuria mbili, hula vizuri kwa gharama ndogo kuliko waliobahatika kupata kitanda chuoni. Watatu wakichanga, hununua kilo ya dagaa wa Mwanza, fungu la matembele, nyanya, na unga, wakala siku kadhaa. Na dagaa, ambaye huliwa mzima na mifupa yake, huwaletea kalsiamu ambayo vijana wasiokunywa maziwa huikosa katika umri ule ule ambao mifupa yao inajijenga kwa mara ya mwisho. Unga wenyewe wastahili neno. Kanuni za mwaka 2011 ziliagiza unga wa viwandani uongezwe madini ya chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12. Lakini sembe nyeupe ya mashine ndogo za mtaani mara nyingi haina nyongeza hizo, na kiini na kumvi vimekwisha kuondolewa, na dona iliyo bora kuliko sembe kwa mambo mengi haipendwi na vijana kwa sababu ile ile ya shule. Asidi ya foliki si jambo la mzaha kwa wasichana wa umri huu, kwani huhitajika katika mwezi wa kwanza wa mimba, kabla mama hajajua kwamba ni mama.

Mwezi wa Ramadhani ulipoangukia ndani ya muhula katika miaka ya karibuni, ilionekana wazi kwamba upungufu wa mchana si amri ya umaskini peke yake. Wanafunzi wa Kiislamu waliokuwa wakipiga pasi ndefu kwa upweke walikutana wakati wa magharibi, wakachanga fedha, wakafuturu kwa tende, uji, mihogo au magimbi, kunde na matunda. Yaani walikula katika saa inayojulikana, pamoja, chakula kilichopikwa na mtu aliyepewa kazi hiyo. Wengine katika mwezi wa kufunga walikula makundi mengi zaidi ya chakula kuliko katika mwezi wa kula. Sina haja ya kulipamba jambo hili. Wako waliofuturu kwa chipsi na soda pia.

Basi lifanyike nini? Wako wanaopendekeza kwamba posho ya chakula isitolewe taslimu, bali iwe tiketi za bwalo. Naipinga rai hiyo, kwa kuwa mzabuni mwenye wateja waliofungwa kwa tiketi hana sababu ya kutia ndimu wala mchicha, na kwa kuwa fedha ile, pamoja na kasoro zake, imewalisha na wadogo walio nyumbani. Kuligawa bumu katika mafungu ya mwezi badala ya siku 60 ni jambo jepesi zaidi katika zama hizi za malipo ya simu, na lingezipunguza zile wiki mbili za mwisho bila kumpokonya mtu hiari yake. Kuacha saa moja ya mchana, tuseme kuanzia saa saba hadi saa nane, isiyo na kipindi katika kitivo cho chote, kungemgharimu mpangaji wa ratiba usumbufu mwingi, na hazina shilingi sifuri. Kutenga katika kila bweni jipya chumba kimoja cha kupikia chenye nyaya zinazostahili kungekuwa afadhali kuliko kuwasaka wenye majiko ya siri chini ya vitanda.

Lililo kubwa kuliko yote, hata hivyo, limo katika mikataba ya mabwalo, ambayo wanafunzi hawaioni. Mzabuni hushinda kwa kuahidi kulipa kodi ya pango kubwa, na kodi hiyo hulipwa kwanza na mchicha, kisha na tunda, kisha na ukubwa wa kipande cha samaki, kwa sababu wali haupunguziki bila mteja kupiga kelele lakini majani hupungua kimya kimya. Chuo kinaweza kuandika mkataba kwa namna nyingine: kodi iwe ndogo na isiwe ndiyo kigezo cha ushindi, kila sahani ya mchana iwe na mboga za majani na tunda la msimu ndani ya bei yake, chungwa la Muheza linapokuwapo na ndizi lisipokuwapo, mafuta ya kukaangia yabadilishwe kwa muda uliowekwa, na jiko lipike hadi saa tatu za usiku, ili wali na maharage yashindane na chipsi katika saa ambayo leo chipsi haina mshindani. Na mama ntilie wa nje ya lango, ambaye kwa sasa hufukuzwa na mgambo kila uongozi unapokumbuka usafi, apewe maji ya bomba, kivuli na ruhusa ya kuwa ndani.